Kapu Lililohama

Asubuhi ile mke wangu aliniambia fulana nimeigeuza. Nikaivua, nikaivaa tena. Akanitazama juu mpaka chini.

"Sasa mbele kuko nyuma, mzee."

"Niache nilivyo. Huko bustanini nani atanitazama mimi?"

"Mimi," akasema. Akanivua mwenyewe kama mtoto, akanivalisha.

Kisha akanywa chai amesimama dirishani. Hakuwa mtu wa kukaa akinywa chai. Alikuwa anatazama nguo za jirani kwenye kamba. Ndizo zilizokuwa zinamwambia upepo unatoka wapi.

"Leo unatoka kushoto."

Mimi niliona nguo zinachezacheza tu. Kushoto kwa nani, sikujua, na sikuuliza.

Tukavuka barabara, tukaingia bustani ya manispaa. Dereva alishatangulia, yuko kwenye benchi anafunga kamba za viatu. Huyu aliendesha malori mpaka mgongo wake ukakataa. Alimwita mke wangu dada, kwa hiyo mimi nikawa shemeji yake, na hakuniacha salama hata siku moja.

"Shemeji, leo umependeza. Umevaa au umevalishwa?"

Nikamwambia tuanze mchezo.

Mchezo wenyewe ni huu, kwa asiyeujua. Una kisahani cha plastiki. Mbele kuna kapu la chuma juu ya nguzo, na juu yake minyororo inaning'inia. Unatupa kisahani kiende kapuni. Kikianguka njiani unakifuata, unasimama hapohapo kilipoangukia, unatupa tena. Kikigonga minyororo kikadondokea kapuni umemaliza, unakwenda kapu lingine. Makapu yametawanyika bustani nzima. Aliyetupa mara chache ndiye mshindi.

Hapo ndipo nilipokuwa napotea. Mimi nilitupa kuliko wote, nikatoka jasho kuliko wote, halafu naambiwa nimekuwa wa mwisho.

Siku ile mke wangu na Dereva walikwenda sawa mpaka kapu la mwisho, lile la karibu na bomba la maji. Dereva akaingiza chake. Mke wangu akatupa, kisahani chake cha buluu kikatua kando ya ua wa maua, jirani kabisa na kapu. Alibakiza mtupo mmoja tu, na kwa mtupo huo Dereva kashindwa. Ndipo mvua ikashuka, si ya kuanza kidogokidogo. Ilimwagika.

"Dada, hiyo imekwisha!" Dereva alipiga kelele kutoka chini ya paa la choo. "Hata mtoto anaingiza hapo! Nimekubali, umenishinda!"

"Umesikia mnyororo?"

"Sijasikia."

"Basi haijaingia."

Akatoa kifungo mfukoni. Ni kifungo kikubwa cheupe, cha koti la daktari. Alikuwa nacho siku zote, cha kuweka alama kisahani kilipotua. Akakididimiza kwenye udongo, akaokota kisahani.

"Tutamalizia kesho."

Tukakimbia. Wazee wakikimbia ni nia tu, miguu inabaki palepale.

Mchana alikaa ukingoni mwa kitanda anakunja foronya. Akasema anataka kujinyoosha kidogo. Nilipomletea maji, foronya ilikuwa kifuani pake, imekunjwa nusu. Yeye hakuwepo tena.

Alikuwa dobi wa hospitali. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa, nyuma ya jiko, mashine zinanguruma na mvuke umejaa mpaka watu wanajuana kwa sauti. Mashuka ya wodi yalitoka yamesokoteka kama kamba. Wawili wanashika ncha, wanalikung'uta shuka mara moja, linalia pwaa, limenyooka. Wenzake walisema hakuna aliyekung'uta kama yeye. Hakutumia nguvu. Kifundo cha mkono tu, basi.

Mimi nilikuwa fundi rangi. Niliitwa kupaka kuta za chumba hicho. Rangi ikabanduka kwa mvuke. Nikarudi, nikapaka, ikabanduka tena.

"Fundi," akaniambia, "rangi yako inaogopa joto."

"Itazoea."

"Na wewe je?"

Niliurudia ukuta ule mpaka msimamizi akaniuliza kama nalipwa kwa kuharibu. Ukuta ukakubali mwishowe. Na yeye akakubali.

Nyumbani alikuwa ananiita nimshikie ncha ya shuka. Miaka yote ile sikujua kulikunja.

"Peleka kushoto."

Napeleka.

"Kushoto kwangu, mzee, si kwako."

"Kwani ziko mbili?"

Alikuwa anacheka mpaka anaachia shuka linaanguka, tunaanza upya.

Alipostaafu mikono yake ikakosa kazi. Alikunja hata magazeti. Siku hizo ndipo manispaa walipochimbia yale makapu bustanini. Watu wakadhani ni ya taka. Mimi mwenyewe nilitupa karatasi mle. Dereva akatoka mbio na mgongo wake mbovu.

"Wewe mzee! Hilo si pipa!"

"Ni nini basi?"

"Ni mchezo!"

"Mchezo wa nani?"

Mke wangu hakuuliza mengi. Alimwomba kisahani, akakishika ukingoni, akakung'uta mkono kama anakung'uta shuka. Kilikwenda kimenyooka kama kimevutwa na uzi. Mnyororo ukalia. Dereva akabaki mdomo wazi.

Tangu siku hiyo wachezaji wakamwita Bibi Shuka. Hakuchukia. Alisema yapo majina mabaya zaidi, na aliyowahi kuitwa na msimamizi hayasemeki.

Kwenye mchezo alikuwa haambiliki. Kisahani kikiangukia matopeni, anasimama matopeni. Kikiingia kwenye miiba, anaingia na gauni lake, anatoka limechanika, na hataki pole yako. Mimi changu kikianguka pabaya nilikisogeza kidogo kwa mguu. Aliniona.

"Umefanya nini hapo?"

"Upepo umekisukuma."

"Upepo gani una kiatu?"

Dereva alilala chini kwa kucheka. Maneno hayo yalienea. Mpaka leo mtu akisogeza chake kule bustanini utasikia wanaulizana upepo umevaa namba ngapi.

Tulipokwisha kumzika mke wangu, binti yetu alikaa nami. Ni muuguzi, mji wa mbali. Anapenda usafi. Akapanga jiko upya, nami nikawa sijui chochote kiko wapi. Nikatia chumvi kwenye chai. Nikafungua kabati la vikombe nikakuta sufuria. Nikasimama katikati ya jiko langu mwenyewe kama mgeni aliyeambiwa karibu na hakuonyeshwa kiti.

"Baba, huwezi kuishi hivi," akasema. "Utakuja kwangu."

Sikubisha. Akafunga mizigo. Siku ya kuondoka nikamwambia nina kitu bustanini sijakimaliza. Nikachukua kile kisahani cha buluu.

"Kitu gani, Baba?"

"Cha mama yako. Alibakiza mtupo mmoja."

Akasema atanisubiri getini na gari.

Nia yangu ilikuwa ndogo. Nitafute kifungo, nisimame pale, nikiingize kwa niaba yake. Mnyororo ulie. Mchezo wake usibaki umekatikia njiani kama ile foronya. Baada ya hapo wanipeleke wanakotaka.

Nikafika kwenye kapu la mwisho. Kapu halikuwepo.

Nikadhani nimepitia geti lingine. Nikatoka mpaka barabarani, nikaingia upya. Bomba la maji lipo. Ua wa maua upo. Benchi lipo. Kapu hakuna. Nikalishika bomba nione kama ni lenyewe. Nikafungua maji, yakatoka. Nikafunga. Kichwa kikawa kinanizunguka kama pia. Nikasema, basi, akili nayo imehamia kwa binti kabla yangu.

Mama mmoja anayesukuma kigari cha mtoto akasimama.

"Babu, umepotea?"

"Sijapotea mimi. Kapu ndilo limepotea."

"Kapu la nini, babu? La sokoni?"

"La minyororo."

Akaniambia nikae chini nipumzike, na kama nina namba ya mtu wa nyumbani nimpe ampigie. Nikamwambia mtu wangu wa nyumbani hana simu tena. Hakunielewa. Hata mimi nilipoyasikia maneno hayo sikujielewa.

Dereva akatokea na mkoba wake begani. Yule mama akamkabidhi mimi, akaenda zake.

"Limehamishwa, shemeji," Dereva akasema. "Lile pale, ng'ambo ya mtaro."

"Nani kalihamisha?"

"Manispaa. Wanayahamisha ili nyasi zipumzike. Hukujua? Mbona yalishahama mara nyingi."

"Sikuwahi kuona."

"Ungeona wapi? Wewe ulikuwa hutazami kapu. Ulikuwa unamfuata dada."

Nikafikiri. Ilikuwa kweli. Miaka yote nilitupia kule alikotupia yeye.

Nikamweleza nilichokuja kufanya. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani mdomoni. Tukaanza kutafuta kifungo. Nyasi zilikuwa zimekatwa. Tukapiga magoti kando ya ua wa maua, tunapapasa. Mpita njia akatuuliza tumedondosha nini. Dereva akamwambia meno, ili aondoke.

Mimi ndiye niliyekigusa. Tairi la mashine ya nyasi lilikikanyaga, kikazama, kimebaki ukingo mweupe tu. Nilikifuta kwa kidole. Sikukitoa.

Kusimama ikawa kazi. Dereva akanishika, nami nikamshika, kila mmoja akimngoja mwenzake ainuke kwanza.

Sasa nikasimama nyuma ya kifungo, kisahani mkononi. Nikatazama mbele. Pale lilipokuwa kapu kulikuwa na duara la udongo mbichi, karibu sana, ningeweza kulitemea mate. Ng'ambo ya mtaro kulikuwa na kapu, mbali, limejificha nusu nyuma ya mti.

"Natupa wapi?"

"Kwenye kapu," Dereva akasema.

"Lipi?"

"Liko moja tu, shemeji."

"Yeye hakuwa anatupia lile. Alikuwa anatupia hili la hapa."

"Hili la hapa halipo."

"Najua halipo."

Dereva akavua kofia, akaivaa.

"Sikiliza," akasema. "Mimi nilishakubali siku ile. Dada alishinda. Yamekwisha, nenda na binti yako."

"Mnyororo ulilia?"

Akauweka vizuri mkoba begani.

"Ulilia?"

"Haukulia."

"Basi haijaingia."

"Lakini shemeji, ukitupia lile la kule ukakosa, tumekuwa sawa mimi na dada. Ukikosa tena nimemshinda. Na mimi sitaki kumshinda akiwa hayupo."

Hapo mambo yakanichanganya kabisa. Nikitupia kwenye udongo, hakuna mnyororo, hakuna wa kusema umeingia. Nikitupia kule, namharibia. Nisipotupa kabisa, amebaki pale kwenye mvua, anasema kesho. Nikatazama huku, nikatazama kule. Nilitamani kusikia kushoto ni kushoto kwa nani. Kule ng'ambo ya barabara nguo za jirani zilikuwa kwenye kamba. Zilikuwa zinachezacheza tu.

Nikakishika kisahani ukingoni. Nikakung'uta mkono kama nimeshika ncha ya shuka na yeye ameshika ile nyingine. Nikatupia lile la kule, kwa sababu ndilo lililokuwepo.

Kilikwenda vizuri mwanzo. Dereva akasema "Haa!" Kisha kikainama, kikaanguka kwenye nyasi upande huu wa mtaro. Hakikufika hata nusu.

Honi ikapigwa getini. Binti akaita, "Baba! Twende, giza litatukuta njiani!" Mizigo yangu niliiona kwenye kioo cha nyuma ya gari.

"Nimwambie asubiri?" Dereva akauliza.

Nikainama, nikakichimbua kifungo, nikakipuliza udongo. Nikatembea mpaka kilipoangukia kisahani. Hapakuwa pabaya. Sikukisogeza. Nikakididimiza kifungo pale, nikaokota kisahani, nikageukia kapu. Bado lilikuwa mbali, na mti ulikuwa palepale.

"Mwambie asubiri," nikasema.

Siku ya kwanza mke wangu aliponitia kisahani mkononi nilisimama nacho kama mtu aliyeshikishwa kichanga cha watu. Sikutaka kutupa. Nilimwuliza nikikosa itakuwaje, na nikikosa tena, na tena. Yeye alikuwa ameshatangulia mbele. Hakugeuka hata kunitazama.

"Ukikosa utaenda ukaokote, utupe tena. Kwani ulikuwa na safari nyingine?"