Utepe Mweusi Kwenye Kona ya Picha

Mkiniona napita Makambako nimevuta kofia mpaka kwenye nyusi msidhani ni baridi. Baridi ipo, sikatai, lakini mimi pale najificha, kwa sababu watu wa njia panda wakiniona mpaka leo wananiuliza marehemu anaendeleaje. Nimeshachekwa vya kutosha, kwa hiyo bora nisimulie mwenyewe, maana mkasa huu wakiusimulia bodaboda unakuwa na jeneza ndani yake, na jeneza halikuwepo.

Babu yangu alikuwa mpiga picha. Alikuwa na chumba kimoja hapa Njombe mjini, chenye pazia ambalo mwenyewe alilichora ndege (ndege ya abiria, bawa moja refu kuliko jingine), redio isiyolia ya watu kuegemea, na suti moja ambayo nadhani nusu ya wanaume wa huku wamewahi kuivaa kwa dakika chache. Alipofariki alituachia makopo ya biskuti yaliyojaa filamu, zile ambazo ukiziinua dirishani unaona watu wenye nywele nyeupe na meno meusi. Bibi huyapangusa yale makopo kila Jumamosi kama vyombo vya wageni. Baba mdogo Festo, yeye akikitazama kile chumba anaona viazi tu. Analima viazi na hana pa kuweka mbegu.

"Tulizo mwanangu," aliniambia, "watu wa kwenye makopo hawaliwi. Viazi vinaliwa. Mvua za kwanza zikianguka naingiza mbegu zangu, hayo makopo yatakwenda kwenye banda la kuku."

Bibi akainuka akaenda kuyahesabu makopo, na bibi yangu akihesabu vitu namna ile ujue analia kwa ndani. Mimi nikasema nitayauza. Nitazisafisha picha, nitazitia kwenye fremu, watu watanunua, chumba kitabaki cha babu. (Niliishia kidato cha nne, matokeo tusiyazungumze, ila kuota ndoto nikiwa macho hakuna mwalimu aliyewahi kunishinda.)

Nikaweka chache kwenye status, na siku chache baadaye nikapigiwa na Mama Happy, mwenye gesti moja Makambako karibu na reli. Akataka moja ya mtu wa zamani aliyependeza, aitundike mapokezi, na ikikaa vizuri atataka za vyumba vyote. Vyumba vyote. Hapo hapo nilishaona kibao kipya juu ya mlango wa babu.

"Nitumie kwanza niione," akasema.

"Hapana mama," nikamjibu, "nataka ikushtue."

Basi.

Nikachagua picha moja ya kijana aliyeegemea ile redio, masikio yamesimama kama vishikio vya sufuria, ana uso wa mtu aliyetoka kupewa habari njema sasa hivi. Nikamwonyesha bibi, akaitazama sana, akasema huyu hakurudi kuichukua picha yake, akasema pia niulizie kwanza ni mtoto wa nani. Nikaitikia ndiyo bibi, na sikuulizia. Steshenari wakanitolea kubwa, fundi akanitengenezea fremu ya paina, ikapendeza mpaka mwenyewe nikawa naitazama nikila.

Asubuhi ya safari, wakati natoka, fremu ikagonga mlango na kona ya kioo ikamegeka kipande kama ukucha. Bibi yuko shambani, fundi hajafungua, na lori la mbao la jirani lililokubali kunipa lifti linapiga honi nje. Nikapekua kikapu cha bibi cha kushonea nikapata utepe. Mweusi, mpana, unang'aa. Nikaupitisha kwenye ile kona kimshazari, ukaziba pengo lote, nikarudi nyuma kutazama na nikajisifu kwamba umeleta heshima. Nilijua kabisa kwamba ule utepe ulibaki kwenye msiba wa babu mwenyewe, mimi ndiye niliyetumwa kuununua, na bado kichwa changu kikaona pambo.

Nikaifunga kwa kanga, tukaondoka. Dereva, ambaye kwa kawaida hunyamaza akiwa amelala tu, siku ile alitazama ile kona iliyochungulia kwenye kanga, akazima redio, akaendesha taratibu kama amebeba mayai badala ya mbao. Nikadhani kichwa kinamuuma. Tulipofika njia panda Makambako akashuka, akanifungulia mlango (mlango! huyu mtu!), akaivua kofia yake na kusema Bwana awe nami. Nikamwambia na wewe pia.

Sasa upepo wa Makambako mnaujua. Sijapiga hatua kumi kanga ikatoka, ikapanda juu ya mabati ya watu ikaenda zake. Nikaikumbatia picha kifuani, mgongo wa fremu kwangu na sura kwa watu, maana nilihofia zipu ya jaketi itakwaruza kioo. Hivyo ndivyo nilivyoingia mjini, kijana wa watu mbele, mimi nyuma yake.

Watu wakasimama. Wapakia mahindi wakatua magunia. Mzee mmoja akavua kofia, bodaboda wakazima injini wakashuka kwenye pikipiki zao. Moyo wangu ukajaa. Nikasema kumbe Makambako wanapenda picha hivi, siku zote nahangaika na Njombe kwa nini? Nikainua kidevu na kupunguza mwendo ili waione vizuri.

Muuza maparachichi mmoja, mama wa makamo, akaacha meza yake, akaja akavua kitenge chake akanifunika mabegani, akanisalimu kikwetu.

"Kamwene mwanangu. Pole sana. Umeachwa peke yako uibebe? Ni baba?"

Ndipo nilipotazama chini nikauona ule utepe kama wanavyouona wao. Nikafungua mdomo niseme hapana mama, hii ni bidhaa, lakini nilipomtazama machozi yalikuwa yameshamfika kidevuni, na mimi mtu akilia kwa ajili yangu siwezi kumvunja moyo. Nikapiga hesabu yangu ya kijinga: gesti ni pale mbele tu, nikikata kona yamekwisha.

"Ni mtu wa zamani tu, mama," nikamjibu.

"Hakuna mtu wa zamani kwa aliyemzaa," akasema, akanishika mkono.

Wakajiunga wengine wawili, kisha wale wa nyanya, kisha sikugeuka tena kuangalia. Bodaboda mmoja akaja mbele yangu akawasha taa, akawa anaenda polepole akiwapungia wenye malori wasubiri. Na malori yanayokwenda Zambia yakasubiri. Nyuma mtu akaanzisha wimbo, ukapokelewa kwa sauti zote, kulikuwa na besi moja nzito kule mwisho iliyokuwa inautetemesha mgongo wangu, na wimbo wenyewe ulikuwa ule tuliomzikia babu. Nikaanza kulia kweli. Mama wa maparachichi akaniambia lia mwanangu, usijizuie, nami nikamtii.

Kona niliikata, lakini tuliikata wote, tukaingia gesti.

Mama Happy alikuwa anadeki baraza. Akainua kichwa akaona umati, akaona mimi, halafu akaiona picha. Fagio likamdondoka. Nilikuwa nimeshapanga nimwite pembeni nimweleze, lakini alikuwa haniangalii mimi, anaangalia yale masikio.

"Baba," akasema, kwa sauti ndogo kabisa. "Baba yangu jamani. Si ametoka asubuhi hii hii kwenda kuangalia treni."

Akakaa chini kwenye maji ya kudekia. Wanawake wakamzunguka, kilio kikapanda, na mimi nimesimama na fremu yangu nasema mama ngoja, mama subiri, nani anisikie? Wawili wakaninyang'anya picha kwa upole wakaiegemeza kwenye kiti barazani. Bodaboda mmoja alishaleta mzigo wa kuni, sijui aliupata wapi kwa haraka ile.

Umati ukaanza kupasuka kutokea nyuma. Akapita mzee mrefu, koti refu, kofia ameishika mkononi kwa heshima, na alikuwa bado anaimba. Ile besi. Akainama kwa Mama Happy.

"Mama Happy, unalia nini? Huyu marehemu tuliyemsindikiza ni ndugu yetu?"

Watu walimtazama masikio, wakatazama picha, wakarudi kwenye masikio. Mama wa maparachichi alinigeukia taratibu, na ule mkono alioushika tangu njia panda akauachia.

Nikaeleza. Nilieleza kila kitu mpaka mlango uliomega kioo, nikamtaja na babu. Mzee Ezekia (ndilo jina lake) akasogea kwenye kiti, akavaa miwani, akajitazama.

"Suti ya mpiga picha hii," akasema. "Mbele inakaa hivi, nyuma imebanwa kwa vibanio vya nguo. Picha niliipiga nipeleke kwa kina mama yenu wanione. Kazi ya reli ikaniita kabla haijasafishwa, sikurudi tena Njombe kuichukua. Mama yenu akanikubali bila picha."

"Na wewe ukaenda kujiimbia," mama wa maparachichi akamwambia.

"Nimeona msiba unapita hauna besi. Ningefanyaje?"

Hapo walicheka wote isipokuwa wawili, mimi na Mama Happy. Alisimama, gauni linachuruzika maji, akaniambia kwa utulivu ambao nisingetaka kuusikia tena, "Tulizo, ulisema itanishtua. Siwezi kumtundika mapokezi mtu niliyemlilia. Wala za vyumbani usilete."

Nikaitikia sawa mama. Nikaona viazi vinaingia chumbani kwa babu, gunia baada ya gunia.

Kuni na unga vilivyoletwa msibani havirudishwi, kwa hiyo ugali ulipikwa na watu wakala, wakauita chakula cha shukrani. Mimi nilipewa sahani nikiwa nimekaa nyuma ya tangi la maji. Mzee Ezekia akanifuata huko huko, picha kwapani.

"Hii naichukua mimi."

"Baba, iache," Mama Happy akasema kutoka dirishani.

"Siku hiyo ipo, mama. Mtahangaika mkatumie picha ya kitambulisho, ile nimetokea kama mwizi wa mbuzi." Akaufungua ule utepe, akaukunja vizuri, akautia kwenye mfuko wa koti. "Na huu nautunza. Msiwe na haraka nao." Kisha akaniuliza, "Hao wengine kwenye makopo unawajua?"

"Siwajui, babu."

"Sasa utauzaje uso ambao hujui mwenyewe yuko wapi? Nitakuja niwataje."

Nilirudi Njombe bila kanga ya bibi na bila oda. Habari ilikuwa imenitangulia, baba mdogo Festo alinipokea akiwa ameshika mbavu. Bibi hakucheka, aliuliza tu yule kijana kumbe yuko hai, na nilipomwambia anaimba besi, akaenda kuyapangusa makopo na wala haikuwa Jumamosi.

Mzee alikuja kweli. Akakaa dirishani na bibi, anainua filamu moja moja: huyu ni wa Ilembula, huyu alihamia Makete, huyu alikuwa na dada mzuri. Mimi naandika. Siku ya mvua ya kwanza baba mdogo akaingia na gunia begani, akataka tumpishe njia, na Mzee akawa ameinua filamu moja.

"Na mtoto huyu aliyekalishwa juu ya redio, analia mpaka kamasi, amevalishwa koti la suti linamfika miguuni, ni nani?"

"Si Festo huyo," bibi akasema. "Baba yake alikuwa amembembeleza asubuhi nzima."

Baba mdogo akatua gunia. Akaichukua ile filamu akaiinua mwenyewe, na akakaa nayo pale dirishani mpaka mvua ikapungua. Kesho yake vilivyohamia banda la kuku vilikuwa viazi. Kuku wako jikoni kwa bibi, na hilo nalo nalaumiwa mimi.

Sasa kabla sijatoa picha ya mtu namtafuta mwenyewe au watoto wake, wengi ndio wanaoinunua. Nikiibeba naigeuzia kwangu, zipu ikwaruze ikitaka. Utepe mweusi siushiki tena maishani, hata wa kufungia nywele. Ule mmoja uko Makambako kwenye droo ya Mzee Ezekia, na kila nikipita pale na kofia yangu machoni naomba uendelee kukaa humo humo.