Bimdogo, Mzoa Taka wa Chula

Asubuhi ya kwanza Bimdogo alipopita nyumba kwa nyumba kuomba taka, watu wa Chula, kisiwa cha pwani ya kusini ya Somalia, walidhani amepatwa na jambo. Mwanamke wa miaka hamsini na ushei, buibui safi, miwani usoni, magunia matupu begani, anabisha hodi kila mlango na kusema, "Nipeni chupa zenu tupu na mikebe yenu. Msitupe ufuoni, msichome. Nitapita tena Jumanne." Wengine walicheka, wakampa chupa mbili tatu ili aende zake. Safiya, ambaye nyumba yake iko karibu na msikiti na maneno yake hufika kisiwa kizima, hakucheka.

"Taka zangu unazitakia nini?" aliuliza, mkono mmoja kwenye mlango.

"Nazipeleka Kismayu, dadangu. Kuna uwanja wanazisaga, wanauza."

"Haya, na wewe huku nyuma ujue nyumbani kwa Safiya wamekula nini, wamemeza dawa gani, wamepaka mafuta gani. Mchu anayepekua taka zangu ni sawa na mchu aliyenikuta naoga!"

Mlango ukafungwa. Bimdogo alikwenda nyumba ya pili na ya tatu, lakini maneno yale yalimganda. Jioni, akichambua chupa uwanjani kwa kaka yake Gharibu, alijikuta anakubali kwamba Safiya ana haki. Mombasa, alikochambua plastiki miaka kumi na mmoja, taka zilikuja kwa lori, zimechanganyika, hazina mwenyewe. Ungeokota chupa ya dawa ya kikohozi usijue nani alikohoa. Hapa Chula kila gunia lilikuwa na jina la mwenye nyumba.

Jumanne ilipofika alirudi kwa Safiya kwanza. "Uliyosema ni kweli," alimwambia. "Basi nakupa ahadi, na Mungu anasikia. Nitakachokiona kwenye gunia lako hakitoki kinywani mwangu. Simwambii kaka yangu, simwambii mchu yeyote."

Safiya aliingia ndani akarudi na mkebe mmoja wa nyanya, ameuosha hadi unang'aa, hauna hata karatasi yake. "Tutaona," alisema.

Bimdogo alikuwa ameondoka kisiwani mwaka wa tisini na moja, vita vilipoingia, msichana wa miaka kumi na saba, yeye na mama yake, na furushi moja la nguo. Waliishi kambini Kenya, kambi ikafungwa, wakahamia Kisauni, Mombasa. Huko aliolewa, akazaa, akafiwa na mume, akalea kwa kazi ya kuchambua plastiki. Binti yake alipoolewa na nyumba ikabaki na kimya, alimpigia simu Gharibu, ambaye alikuwa amesharudi Chula. "Njoo," Gharibu alisema. "Chumba cha mama kipo."

Alirudi akakuta ufuo wa nyuma ya nyumba, pale walipokuwa wakisugulia masufuria kwa mchanga utotoni, umejaa chupa, madumu ya mafuta, mifuko na nepi. Kila asubuhi mtu mmoja alichoma rundo lake, na moshi mweusi ukaingia kwa jirani. Aliuzoea, kama wenzake, hadi mbuzi wa Gharibu alipoacha kula. Mbuzi alikuwa na mimba. Alisimama siku mbili ukutani, tumbo limejaa, macho yamelegea, na Gharibu akamchinja asije akafa bure. Walipompasua tumbo walitoa donge la mifuko ya plastiki ukubwa wa kichwa cha mtoto, limesokotana kama kamba. Mke wa Gharibu alilia. Bimdogo alilichukua lile donge, akalitia kwenye ndoo, akakaa akilitazama. Kazi ya kuondoa vitu kama hivyo aliijua kuliko mtu yeyote kisiwani. Ndipo alipokwenda kutafuta magunia.

Miezi minne ya kwanza mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Kila nyumba ilitundika magunia mawili mlangoni, moja la plastiki na moja la mikebe. Makombo walipewa kuku. Nyavu mbovu nazo zililetwa, ingawa hakuna aliyezinunua, na Bimdogo alizilundika pembeni kwa kuwa hakuwa na moyo wa kuzirudisha baharini. Mzigo wa chupa ulipotimia aliupakia kwenye boti ya Ghalib, nahodha anayepeleka samaki na abiria Kismayu, na kule ukapokewa na kijana aitwaye Walidi, mwenye mashine ya kusaga nje kidogo ya mji.

Safari ya tatu iliharibika. Upepo uliingia chini ya magunia, mawili yakapasuka, na chupa zikaruka kama kuku waliofunguliwa bandani. Nyingine ziliangukia abiria, nyingi ziliangukia majini. Ghalib, ambaye hapendi kuchekwa, alilazimika kuigeuza boti na kuzunguka akiziokota kwa ndoo, huku abiria wakimwonyesha, "Ile pale, nahodha! Na ile!" Walipofika gatini alimwambia Bimdogo, "Dada, nakuheshimu. Lakini mzigo huu mimi sibebi tena."

Tangu siku hiyo uwanja wa Gharibu ulianza kujaa. Chupa zilipanda ukutani hadi usawa wa dirisha. Gharibu alianza kunywa chai yake kwa jirani.

Katika siku hizo hizo Bimdogo aligundua jambo kwenye gunia la Bi Khairat.

Bi Khairat na mumewe Badi walikaa mwisho wa mtaa, upande wa kisima. Wazee wawili, watoto wao wote wako nje. Badi alikuwa mvuvi wa kambamti, wale kamba wakubwa wa miambani, na kwa kushona nyavu hakuna aliyemfikia Chula wala kisiwa jirani cha Kudhaa. Ilisemekana amekwenda Kismayu kupumzika kwa ndugu yake. Gunia lao la plastiki lilizoea kutoa vitu vile vile: dumu la mafuta, pakiti za tambi za basta, pakiti ya majani ya chai, mfuko wa sabuni. Juma lile lilikuwa na mfuko wa sabuni peke yake. Juma lililofuata lilikuwa na vikaratasi vya vidonge vya maumivu, vitupu vyote. La tatu, vikaratasi tena. Hapakuwa na basta, wala mafuta, wala chai. Gunia la mikebe halikuwa na kitu kabisa.

Bimdogo aliviweka vile vikaratasi kwenye kiganja akavihesabu. Bi Khairat alionekana kisimani kila siku, anatembea bila maumivu. Badi hakuwa Kismayu. Badi alikuwa ndani, amelala na maumivu, na nyumba ile haikuwa ikipika.

Na kiapo alichompa Safiya alikichukulia ni cha kila gunia. Angemnong'oneza mke wa Gharibu, jioni ile ile nyumba tano zingepeleka vyakula, na kesho yake kisiwa kizima kingejua kwamba Bi Khairat ana njaa na kwamba aliyetoa habari ni mzoa taka. Angenyamaza, wazee wangelala na njaa. Alipika wali, akaweka na samaki wa kupaka, akafunika sahani kwa kawa, akaenda mwenyewe.

Bi Khairat alifungua mlango nusu. Alikuwa amekonda, ila leso zake zilikuwa zimefungwa vizuri kama siku zote.

"Nimepika kingi, Bi Khairat, nikaona..."

"Jana hukupika kingi? Juzi je?" Bi Khairat aliiangalia sahani, kisha akamwangalia yeye, akaelewa. Uso ukamkakamaa. "Umenichungulia kwenye gunia langu, mwanangu. Umekaa umeyasoma maisha yangu. Rudi na sahani yako."

Jumanne iliyofuata mlango wa Bi Khairat haukuwa na magunia.

Bimdogo alirudi nyumbani akakaa kwenye kizingiti, ameshika tama. Chupa zilikuwa zimefika juu ya dirisha. Kando yake lilikuwa rundo la nyavu mbovu, za buluu na za kijani, juu yake kuku ametaga. Alinyoosha mkono achukue yai, na vidole vikanasa kwenye matundu. Akavuta. Kipande kilichokuwa chakavu kilikatika, lakini kilichobaki kilikuwa kigumu, hakikukubali. Alisimama, akakitandaza kile kipande, akakitia chupa kumi, akakikunja na kukitikisa. Upepo ulipita katikati kama hapana kitu.

Alijaribu kukishona mwenyewe hadi adhuhuri. Mafundo yake yalifunguka yote.

Alasiri alikwenda tena kwa Bi Khairat, safari hii na kifurushi cha nyavu kwapani, bila sahani. Alipiga moyo konde akabisha.

"Nimekuja kumwomba ami Badi kazi," alisema kabla hajaulizwa. "Nataka mifuko mikubwa ya nyavu, ya kubebea chupa. Nimejaribu nimeshindwa. Ghalib hanibebei mzigo mpaka niwe na kitu kisichopasuka."

Bi Khairat hakusogea mlangoni. "Niambie ukweli. Umekuja kwa ajili ya nyavu, au umekuja kwa ajili ya sufuria langu?"

Bimdogo alimnyooshea kile kifurushi. "Kwa yote mawili. Lakini kupika najua. Nyavu ndizo siziwezi."

Kisha kutoka ndani, kutoka chumba cha giza ambacho kisiwa kizima kilidhani hakina mtu, ikaja sauti ya kukwaruza.

"Khairat. Mwache aingie nione hayo mafundo aliyofunga."

Badi alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha kamba. Miezi miwili nyuma alikuwa ameteleza kwenye mwamba akiwa na mtego wa kambamti mabegani, na mgongo tangu hapo haukumruhusu kuinuka kitandani zaidi ya muda wa kuswali, tena akiwa ameketi. Hakutaka watu waje kumwona hivyo. Alizichukua nyavu, akazipeleka karibu na macho, akacheka cheko la kwanza ambalo mkewe alilisikia kwa muda mrefu.

"Hili ni fundo la kufungia viatu," alisema. "Niletee sindano yangu, Khairat. Wewe Bimdogo, chupa yako ndogo kabisa ina upana gani? Hujui? Unataka mfuko na hujui kinachoingia ndani?"

Bimdogo aliondoka pale na maswali sita ya kwenda kujibu. Alirudi na chupa za kila aina, na Badi akazipanga kitandani kama anayepanga samaki. Walikubaliana kwamba kila mfuko utalipwa kwa vitu kutoka Kismayu: mchele, mafuta, majani ya chai. Mpaka mzigo uuzwe, Bimdogo angetanguliza kutoka jikoni kwa Gharibu. Bi Khairat aliupokea ule mchele, akaupima kwa macho, akaenda kuwasha moto, na Jumanne yake magunia yakarudi mlangoni.

Kwa siku kumi na mbili Badi alishona mifuko saba, kila mmoja mrefu kama mtu, mdomo wake una kamba ya kuvuta. Ghalib aliitwa aione. Aliizunguka, akaipiga teke, akaivuta kwa nguvu zake zote.

"Nani kashona?" aliuliza.

Bimdogo alinyamaza. Hilo nalo alilihesabu ni siri ya gunia. Lakini mlango wa mwisho wa mtaa ulifunguliwa, na Badi akatokea mwenyewe, mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwa mkewe, akitembea kama anayepita juu ya mayai. "Mimi," alisema. "Una neno?"

Watu walimkimbilia. Safiya alikuwa wa kwanza kuleta kiti, na wa kwanza kugombeza: imekuwaje jirani aumie miezi miwili bila watu kuambiwa? Baada ya muda akamvuta Bimdogo pembeni.

"Wewe unachukua taka zao kila Jumanne. Ulijua."

"Nilijua nini?" Bimdogo alisema.

Safiya alimkazia macho, kisha akaitikia kwa kichwa taratibu. Tangu Jumanne iliyofuata gunia lake likawa linajaa hadi juu, mikebe haijaoshwa, karatasi zimebaki.

Mifuko yote saba ilisafiri kwa boti ya Ghalib kwenda Kismayu na haikupotea chupa hata moja. Badi naye alisafiri, amelazwa juu ya godoro katikati ya mzigo, akaenda kuonwa na daktari. Hakupona kabisa. Daktari alimpa mazoezi na mkanda wa mgongo, akamwambia mambo ya kubeba mitego yamekwisha. Aliporudi alilalamika siku tatu mfululizo, ya nne akadai nyavu zaidi. Walidi alikuwa amependa kuona kilichomo ndani bila kufungua, akataka mzigo wote uje namna ile.

Si kila kitu kilipata njia. Nepi hakuna anayezinunua. Zinazikwa kwenye shimo nyuma ya makaburi ya zamani, na shimo hilo linajaa haraka kuliko wanavyochimba. Betri ziko kwenye ndoo ya Gharibu, hakuna anayejua zipelekwe wapi. Wapo wanaochoma bado. Lakini ufuo wa nyuma ya nyumba umeanza kuonekana mchanga, na nyumba thelathini na nne zinatundika magunia.

Mwezi uliopita wanawake wa Kudhaa walipiga simu. Walitaka Bimdogo aende awaonyeshe. Alikuwa anafunga mkoba wake Badi aliposema anakwenda naye.

"Mgongo wako, ami," Bimdogo alisema.

"Mgongo utakaa kwenye kiti. Utawafundisha nini wewe, fundo lako la viatu?"

Bi Khairat alikwishatoa mto, mkanda na sindano nne za nyavu, akaviweka mlangoni, na leso zake za safari juu yake. Hakumwuliza mtu kama naye anakwenda.

Walikaa Kudhaa siku nne. Nyumba kumi na moja zilikubali, mbili zilikataa, na bibi mmoja alisema atafikiri akisha kuona wenzake. Badi aligombana na wavuvi wawili juu ya ukubwa wa matundu, akawashinda, akafurahi sana.