Hatua Alizotembea Mbuzi

Siku nesi alipomfunga bibi yangu kile kifaa mkononi, bibi aliuliza kama amekamatwa.

"La, mama," nesi akasema akicheka. "Hiki kinahesabu hatua zako tu. Siku saba, halafu nakuja kukichukua."

"Na hatua zangu mwazitakia nini?"

Nesi akavuta kigoda karibu akaeleza polepole. Yeye na wenzake walikuwa wakifanya utafiti juu ya wazee wa vijiji vya huku mtoni: wanakula nini, wanalala vipi, wanatembea kiasi gani, wakiugua nani anawauguza. Mwisho wangewagawa makundi mawili. Wale ambao miguu imeanza kuwachoka wangetembelewa nyumbani kila wiki, wapimwe presha, wafundishwe mazoezi, waletewe fimbo nzuri za kutembelea. Wenye nguvu wangeonwa tena baada ya miezi sita. Akasoma karatasi ya idhini yote, bibi akaweka kidole gumba. Mimi nilikuwa pembeni napepeta mchele, na nilisikia kila neno. Nasema hivyo mapema ili nisije nikajitetea kwamba sikujua.

Kifaa chenyewe kilikuwa kama saa iliyosahau kazi yake. Cheusi, hakina mshale, hakina namba, hakiwaki taa. Nesi alipopanda boda boda yake, bibi akaninong'oneza, "Mke mwenzangu, hii kitu yasikia?"

Ananiita mke mwenza kwa sababu mimi ni mjukuu wa kike, na kwa desturi yetu mume wake ni wangu pia. Babu alikufa kitambo lakini bado tunamgombania. Bibi husema nilimwibia mume, mimi humjibu kwamba babu alimkimbia kwa sababu ya kupika samaki wabichi. Hakuna mtu mzima mwingine katika kijiji chetu cha Hewani ambaye ningeweza kumwambia neno kama hilo nikalala na meno yote.

"Inasikia kila kitu," nikamjibu. "Ukisengenya, inaandika jina la mtu na siku yenyewe."

Nilitaka kuona atanyamaza muda gani. Alinyamaza siku moja na nusu. Jirani yake alipokuja na habari mbichi kuhusu harusi ya watu fulani, bibi alimwonyesha kwa mkono asubiri, akaingia ndani, akakivua kile kifaa, akakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akatoka amechangamka kama mtu aliyetoka jela. Tangu hapo kikawa kinashinda msumarini. Asubuhi anakivaa, jirani akikohoa tu uani, kinavuliwa, na kukikumbuka tena ni mpaka jioni.

Ningeweza kumwambia, "Bibi, nilikutania." Badala yake nilikitazama pale msumarini nikakihurumia, kifaa cha watu wamekisafirisha kote huko kije kuhesabu hatua, nacho kinahesabu mlango. Nikamfunga nacho beberu wetu.

Yule beberu lazima nimweleze. Hakuna duka ambalo hajafukuzwa, hakuna ibada ambayo hajaingia, na mwalimu wa dini ashawahi kumtaja darasani kama mfano wa mwenye dhambi asiyetubu. Anaondoka asubuhi tukienda shule na kurudi jua likizama, na katikati hajulikani. Nilimfunga kifaa mguu wa mbele, juu ya kwato, na jioni nikakirudisha msumarini nimeshakifuta matope. Kesho yake vilevile. Ilipofika siku ya michezo nikakivaa mwenyewe chini ya soksi, kwa sababu mimi ni winga wa timu ya wasichana na niliona beberu asipewe sifa zote peke yake.

Darasani nilikuwa staa. Kidato cha tatu kizima kilijua kwamba bibi yangu wiki hiyo amekimbizwa na mwenye hoteli, ameruka ua wa kanisa na amefunga bao moja. Kila asubuhi nilikuwa na sura mpya ya kusimulia. Niliendelea kwa ajili hiyo tu. Sikuwa na chuki na mtu, wala sikutaka kitu. Watu walikuwa wanacheka.

Siku ya nane nesi alirudi. Alichomeka kifaa kwenye kompyuta yake ndogo, akatazama, akasogeza kichwa, akatazama tena.

"Mama, wewe watembea hivi kweli?"

Bibi hakujua ameulizwa nini, lakini si mwanamke wa kurudisha sifa zikishafika mlangoni. "Mimi ni mkulima, mwanangu. Nimezaliwa na jembe."

"Hata mimi sifikii nusu yako."

"Nyinyi mwapanda piki piki."

Nilikuwa nyuma ya mlango naing'ata kanga ya mamangu nisiangue kicheko. Nesi akaniita. Alikuwa na macho ya upole, ya mtu ambaye hajalala vizuri na bado ana vijiji viwili mbele yake.

"Wewe ndiye unayekaa naye kila siku. Alikivaa wakati wote?"

"Wakati wote, sista," nikasema.

Akaandika. Nikaiona kalamu ikienda. Bibi akawekwa kundi la wenye nguvu, aonwe baada ya miezi sita.

Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa bado naisimulia kama kichekesho. Tatizo ni kwamba bibi aliamini. Kabla ya hapo alikuwa akitembelea mpini wa ufagio uliovunjika, na shamba lake la ng'ambo ya mto alikuwa amemwachia mamangu. Jumapili ile mpini ulibaki nyumbani. Alitangaza nje ya kanisa kwamba mashine ya hospitali imempima na kumkuta wa kwanza. Wazee wenzake walimzomea na kumpongeza kwa pamoja, kama ilivyo kawaida yao. Mmoja akamwambia, "Basi tutakuandikisha mbio za Garsen," naye akamjibu, "Niandikishe, wewe uje ubebe viatu."

Wiki hiyohiyo akarudi shambani. Kila asubuhi alishuka ukingoni, akavushwa kwa mtumbwi, akalima kidogo, akarudi na majani ya kunde ili ionekane alikuwa na shughuli. Goti likimuuma alilikemea kwa sauti: "Nyamaza wewe, mashine imesema uko sawa." Mara ya kwanza kumsikia nilicheka mpaka nikakaa chini. Mara ya tatu sikucheka.

Nilianza kuona vitu ambavyo sikuvitafuta. Jinsi alivyopitisha mkono ukutani akitoka chumbani. Jinsi alivyosimama juu ya ukingo akijifanya anatazama kima kwenye miti, kumbe anatafuta pumzi. Jioni miguu yake ilikuwa imevimba, mikanda ya ndara imeacha mistari ndani ya nyama. Na alikuwa na furaha. Alikuwa anaimba akichambua kunde. Niliwaza, nikimwambia sasa, nitakuwa nimemnyang'anya mara mbili. Niliona hilo ni wazo la huruma. Lilikuwa woga tu, limevaa nguo za kanisani.

Alianguka Alhamisi moja, saa nne asubuhi hivi, mvua ikiwa imenyesha. Nilikuwa darasani hesabu ikiendelea. Naibu wa mwalimu mkuu alipotokea dirishani akaniita, nilidhani ni kuhusu chaki niliyopaka kiti cha mwalimu wa jiografia, na njiani nikawa naupanga uongo wangu vizuri, una mwanzo, una shahidi. Akaniambia nyanya yangu ameanguka mtoni. Ule uongo ulibaki mdomoni sina pa kuutema.

Mwenye mtumbwi ndiye aliyemkuta. Aliniambia hakuwa akipiga kelele. Alikuwa amelala ubavu kwenye matope akiita polepole, "Jamani, jamani," kama mtu aliyekuja kuomba chumvi na hataki kusumbua. Hakujua alikuwa amelala hapo muda gani, na bibi hakutaka kusema.

Mkono wa kushoto ulivunjika juu ya kifundo. Hospitalini wakamfunga plasta mpaka karibu na kiwiko.

Mamangu huuza mboga Garsen na huondoka alfajiri, kwa hiyo kumwogesha bibi kabla ya shule ikawa kazi yangu. Sikuwa nimewahi kumwona bila kanga. Ngozi ya mkono wake mzima ilikuwa laini na nyepesi kama maganda ya kitunguu, na nyongani alikuwa na jeraha la damu iliyovilia, zambarau, pana kama sahani. Nilimwagia maji nikipita mbali na pale. Mwanzoni tulijaribu utani wetu. Nikamwambia babu angemwona leo angerudi. Akacheka, kicheko kikamuuma ubavu, akaacha.

"Nilikuwa na nguvu," akasema, hakuniambia mimi, aliyaambia maji. "Walinipima. Sasa huu mguu umenikatalia nini?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kukiri. Tulikuwa wawili, hakuna mtu, mlango umefungwa.

"Ni matope, bibi."

"Eee," akasema. "Ni matope." Akanyoosha shingo nimsugue mgongo.

Nimetunga uongo mwingi maishani, na mwingi naujivunia. Ule wa maneno matatu sijui niuweke wapi.

Nesi alisikia habari akaja mwenyewe, si siku yake. Alitazama plasta, akampima presha, akabonyeza miguu kwa kidole na shimo la kidole likabaki. Akasema anataka kumhamishia kundi la wale wa kutembelewa kila wiki, aanze mazoezi mara tu mkono ukipona.

"Hao waliochoka ndio uwape," bibi akasema. "Mimi niliteleza. Hata kijana angeteleza pale."

"Mama, miguu hii imevimba."

"Ni kukaa. Plasta ikitoka narudi shambani, itashuka. Wewe si ndiye uliyenionyesha? Mimi ndiye wa kwanza."

Nesi alimbembeleza, akaeleza, akabembeleza tena. Bibi alikuwa mwamba. Na huwezi kumlazimisha mtu mzima kukubali msaada. Nesi akafunga faili lake, akaliingiza kwenye mkoba, akasimama. Nilimwona bibi kama atakavyokuwa mwezi ujao: peke yake kwenye ule mteremko, bila fimbo, anaitii mashine.

"Sista, ni mbuzi," nikasema.

"Mbuzi gani?"

"Aliyetembea."

Nilisema yote, na kwa mara ya kwanza nilisimulia kitu vibaya. Nilianzia katikati, nikarudi, nikasahau siku ya michezo, nikairudia. Hakuna aliyecheka. Nilisema pia kwamba mimi ndiye niliyemtisha bibi kuwa kifaa kinasikia, ndiyo sababu akawa anakivua. Nilipomaliza nilisikia jirani akipiga chafya upande wa pili wa ua.

Bibi ndiye aliyeongea kwanza. "Nilimtuma mimi," akamwambia nesi. "Kilikuwa chaniwasha mkono. Nikamwambia mtoto, kafunge mbuzi, nipate kupumzika. Usimlaumu."

Alisema bila kupepesa jicho. Nikajua uongo nilikourithi. Nesi akanitazama mimi, na nikauona mlango uko wazi kabisa. Ningepita tu.

"Hakunituma," nikasema. "Hakujua."

"Nakufunika," bibi akasema kwa sauti ya chini, "nawe unajifunua. Mbele ya mgeni. Sasa mimi ndiye mwongo na ndiye mjinga, vyote viwili."

Hakuniita mke mwenza. Hakuniita chochote.

Nesi alikaa tena. Nilingoja anigombeze, nilikuwa nimejiandaa, kugombezwa nakujua. Akasema tu, "Nilikuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa hapa." Akatoa zile karatasi za hesabu ya hatua akazipiga mstari moja moja, akaandika pembeni kwamba hazifai kutumika. Halafu akasema, kama anajisemesha, "Na mimi ningeitazama miguu siku ile. Nilitazama kompyuta." Hilo lilinichoma zaidi, kwamba na yeye amechukua kipande cha kosa langu akaenda nacho.

"Mama," akasema, "tuanze upya. Bila mashine. Kaa kwenye kiti hiki, halafu uinuke na kukaa, uinuke na kukaa, bila kushika popote. Ukichoka, unaacha."

Bibi alikitazama kile kiti, akamtazama nesi. Nilidhani atamfukuza. Kisha akakaa, akaukumbatia mkono wa plasta kifuani, akanielekezea kidevu. "Huyu ahesabu. Si apenda kuhesabu?"

Akainuka. Magoti yalilia, tuliyasikia sote, na safari hii hakuyakemea.

"Moja."

Akakaa. Akainuka, sasa polepole, midomo imebana, jasho puani.

"Mbili."

Mara ya tatu alikiacha kiti kidogo, mapaja yakitetemeka, akaning'inia pale hewani. Nesi alikuwa ameshanyoosha mikono tayari kumdaka. Nilitamani kusema tatu kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Nani angebisha? Alikuwa ameinuka nusu. Kisha akarudi kitini kwa kishindo, macho ameyafumba.

"Mbili," nikasema.

"Umesikia," bibi akamwambia nesi. "Andika mbili."

Nesi akaandika. Akamwambia atakuwa akija kila Jumatano, saa tatu asubuhi, waanze na miguu wakati mkono unapona, na shamba lisubiri. Bibi alikuwa bado anahema. Akauliza, bila kunitazama, kama saa hizo wanafunzi wanakuwa shuleni.

"Ndiyo, mama, wako shuleni."

"Basi njoo," bibi akasema.