Chapa ya Ng'ombe Kwenye Kisigino cha Sanamu

Siku sanamu inashushwa kwenye lori nilikuwepo. Mkandarasi aliniita nimpigie picha za kuambatisha kwenye ripoti yake. Ilikuwa sanamu ya mama wa Kigogo, ya saruji na nondo, ameibana ngoma katikati ya mapaja, mikono juu. Waliisimamisha kwenye kipilefti kimoja, katikati ya mzunguko wa barabara, upande wa Ihumwa, Dodoma. Aliyeitengeneza alikuwa mzee wa Bahi, mwembamba, shati kalifunga mpaka kifungo cha juu. Alisimama pembeni na vibarua, na hakuna aliyejisumbua kumtambulisha.

Nilipomaliza akaniita. "Mwanangu, nipige na hapa."

Kisigino cha kushoto cha yule mama kilikuwa usawa wa kifua cha mzee. Alikuwa amechora alama pale saruji ikiwa bado mbichi: duara, na mistari miwili imelikata. Akanieleza kuwa ndiyo chapa ya ng'ombe wa marehemu baba yake. Nikamuuliza kwa nini asiandike jina lake kama watu wengine.

"Majina yanafanana," alisema. "Chapa hii Bahi nzima wanaijua. Ng'ombe mwenye chapa humpeleki mnadani bila mwenyewe kuwepo."

Nilimcheka moyoni. Nikampiga picha amesimama wima, ananyoosha kidole kwenye kile kisigino, uso mzito kama yuko mbele ya hakimu. Baada ya wiki mbili mafundi wakazungushia vigae mpaka juu ya vifundo vya miguu, na chapa ikaishia humo ndani.

Kalenda nilianza kuzitoa mwaka uleule. Sanamu peke yake, jua la jioni nyuma yake, na jina la studio yangu chini kwa herufi za dhahabu. Ofisi zilizohamia Dodoma zilizigombania, maana kuta zao zilikuwa tupu na hakuna aliyekuwa anaijua Dodoma. Nyumba za wageni kule Msalato zikataka za fremu. Watu wakaniita msanii. Nilipenda kuitwa hivyo, na sitajifanya sikupenda.

Mzee alikuja studio amekunja kalenda moja kwapani. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akaketi. Hakuja kudai fedha. Alitaka jina lake liwekwe chini ya picha, basi. Nikamwambia sanamu iko barabarani, na kitu cha barabarani ni cha kila mwenye macho. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwa makusudi, ili ajione mjinga mbele ya wateja wangu.

Akairudisha kalenda kwapani, akaondoka. Nami nikaenda kwa rafiki yangu mwanasheria nikitegemea atacheka pamoja nami. Hakucheka. Alisema kupiga picha ya kujikumbusha ni jambo moja, lakini kuuza picha ambayo sanamu ndiyo kila kitu ndani yake ni jambo jingine, na hapo aliyeitengeneza anaweza kuwa na neno. "Ila athibitishe kwanza kwamba ni yeye," akasema. Nilirudi nyumbani nimepoa.

Maana mzee hakuwa na mkataba. Mkandarasi alikuwa amemwandika kibarua wa saruji, na kwenye ripoti alijitaja mwenyewe kuwa mbunifu. Chapa iko chini ya vigae. Kitu pekee duniani kilichoonyesha mzee, sanamu na ile alama pamoja kilikuwa kwenye kompyuta yangu.

Alirudi baada ya miezi kadhaa. Safari hii alikuwa ametoka ofisi inayoandikisha hakimiliki, na huko walimwambia alete ushahidi.

"Ile picha uliyonipiga siku ile, mwanangu. Nisaidie hiyo tu."

Kompyuta ilikuwa imewaka mezani, mgongo wake umemwelekea yeye. Nikaifungua ile picha, nikaitazama, yeye akinitazama mimi. Nikamwambia, "Mzee, zile zilifutika zote. Mashine iliingia virusi."

Akauliza kama vikiingia virusi picha haziwezi kutafutwa. Nikasema haziwezi. Akanishukuru kwa kuangalia. Nilisikia aibu, ndiyo, lakini aibu ile haikudumu hata mpaka saa ya chakula cha mchana.

Alikuja mara mbili nyingine kuuliza kama zimepatikana. Mara ya mwisho alikuwa anakohoa, na nilimjibu nikiwa nimesimama mlangoni.

Kisha akaja mkewe, mama mfupi mwenye kaniki begani. Mzee alikuwa amefariki jana yake. Kitambulisho chake kilikuwa kimefifia, uso hauonekani, na wanawe walitaka picha ya kuweka juu ya jeneza. "Alisema ulimpiga siku moja," akaniambia. "Alisema pia zilipotea. Nimekuja hivyohivyo."

Nilimwambia aketi, nijaribu kutafuta. Nikaifungua. Nikakata sanamu, nikakata kisigino, nikaukata mkono wa mzee hapo kwenye kiwiko kabla haujafika kwenye chapa. Ulibaki uso, kifua, shati lililofungwa mpaka juu, na kipande cha mkono ulionyooshwa. Nikachapa kubwa, nikaitia fremu nzuri kuliko zote dukani, na nikakataa pesa yake.

Aliishika kwa mikono miwili akaitazama kwa muda mrefu.

"Huu mkono," akauliza, "alikuwa anaonyesha nini?"

"Alikuwa ananipungia, mama. Tulikuwa tunaagana."

Akainamisha kichwa, akaifunga ile fremu kwenye kaniki yake taratibu.

"Mume wangu hakuwa mtu wa kupunga mkono," akasema, akanishukuru, akatoka kwenda kutafuta gari la Bahi.