Firigisi Kwenye Ngazi

Jengo nililohamia lilikuwa kiwanda cha kufuma sweta za shule kabla mwenyewe hajagundua kwamba watu hulipa vizuri kuliko mashine. Liko Nairobi, ukitoka Muthangari kuelekea Kawangware, na mimi nilipewa orofa ya juu kabisa. Msimamizi alifungua mlango akanyoosha mkono kama mtu anayenigawia shamba.

"Boss, hii ni open plan. Sitting room, bedroom, jikoni, zote ziko hapa hapa. Watu wa TV ndio wanakaa nyumba kama hii."

Nikayanunua maneno hayo mazima mazima. Nilikuwa nimetoka kwenye chumba cha kupanga Kangemi, ambako jirani akikohoa wewe ndiye unayeamka, na nilitaka nafasi. Nafasi nikaipata, ikanizidi. Ulikuwa ukumbi mmoja mrefu wenye nguzo za saruji, bila ukuta hata wa dawa. Kitanda nikakiweka kule mwisho, meza katikati, jiko la gesi pembeni. Kwenye fremu za madirisha bado kulikuwa kumenasa nyuzi za kijani na za rangi ya damu ya mzee, na mara kwa mara kidole changu cha mguu kiligundua sindano ya mashine kwenye ufa wa sakafu. Nikiangusha kijiko, mlio ulizunguka nyumba nzima kabla ya kunyamaza.

Majirani walikuwa watu wa "sasa" na "poa" kwenye ngazi, kisha mlango unafungwa. Niseme wazi tu: upweke ule ulinitafuna. Nilifika mahali pa kumchelewesha mama mboga kwa kumuuliza bei ya vitu nisivyokula, ili mradi tuongee. Alinijua. Siku moja aliniambia, "Wewe kijana, leo uliza bei ya mawe basi."

Kisha baba akapata siku ya kuonwa na daktari wa macho Nairobi. Nikampigia simu kumwambia atakula kwangu. Kwetu magharibi, baba akishakula ndani ya nyumba ya mwanawe, ndipo hiyo inakuwa nyumba. Kabla ya hapo ni mahali unapolala tu. Nilikuwa kifungua mimba, nimeshavuka thelathini, sina mke, na wadogo zangu wote walikuwa wameshamlisha baba majumbani mwao. Nilitaka siku hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kupandishwa cheo. Nikanunua kuku wa kienyeji Kawangware, nikampika mwenyewe, na firigisi nikaiweka kando kwenye kisahani, maana kwetu haiguswi na mwingine mzee akiwepo.

Alipanda ngazi polepole, kofia mkononi.

"Hodi!"

"Karibu, baba." Nikafungua mlango wote, wazi kabisa, kwa mbwembwe.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kutoka mlangoni ulikiona kila kitu, mpaka kitanda kule mwisho na blanketi lake. Na kwetu mzazi haoni kitanda cha mwanawe aliyetahiriwa. Nalijua hilo tangu utotoni, lakini nilikuwa nimekaa Nairobi hadi kitanda kikawa fanicha tu, kama meza.

Baba aligeuza uso upesi, kana kwamba amenifumania nikioga.

"Kijana yangu, hiki ni chumba cha kulala."

"Hapana, baba, ni nyumba nzima. Ndivyo wanajenga siku hizi."

"Hao wanajenga hivi, wao hawana baba?"

Nilikimbia kukifunika kitanda kwa shuka, kazi sawa na kumficha ng'ombe kwa leso. Niliporudi alikuwa ameshaketi kwenye ngazi. Nikatoa kiti na stuli, tukala hapo nje, sahani magotini. Waliopita ilibidi wajibanze, naye akawasalimu wote na kuwauliza kwao ni wapi. Kumbe mama wa orofa ya chini yangu ametoka ng'ambo ya mto wetu kule nyumbani. Nilikuwa nikimpita mwaka mzima.

Nikampa baba kile kisahani. Aliitazama firigisi, akanirudishia taratibu.

"Hii inaliwa ndani."

Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. Jioni akaenda kulala kwa binamu yake Kangemi. Firigisi sikuila wala sikuitupa. Ilikaa kwenye friji mpaka ikakauka.

Nilimleta fundi akasimamisha ukuta wa plaiwudi kutoka nguzo hadi nguzo, wenye mlango na komeo. Nikaupaka rangi mwenyewe. Jumapili nikapiga simu nyumbani nikiwa na furaha ya mtoto aliyefaulu mtihani.

"Baba, nimeweka ukuta. Kitanda hakionekani tena."

Nilisikia kuku wao wakilia uani.

"Umefanya vizuri," akasema. "Lakini kitanda ningekisamehe, hayo ni mambo ya mjini. Mimi niliona mto wa kulalia. Nyumba kubwa namna hiyo, na mto mmoja. Niligeuza uso usione macho yangu."

Nikaugeukia ukuta wangu mpya.

"Sasa huo ukuta," akaendelea, "nani anakaa nyuma yake?"

"Ni mimi tu, baba."

"Basi nitakuja siku nikipiga hodi aitikie mtu mwingine. Hiyo siku nitakula firigisi."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniuliza kama mvua imenyesha huku Nairobi, nikamwambia imenyesha, akampa mama simu.

Kesho yake nilitoka kazini nikapanda ngazi kama kawaida. Nilifika mlangoni, ufunguo mkononi, nikajikuta nimesema hodi. Nikasimama kidogo. Kisha nikafungua, nikaingia.