Aliyetega Ndiye Ategue

Mimi huandika hadithi za wachawi. Ndiyo kazi yangu, sioni haya. Kila siku natuma kipande kwenye makundi ya simu, na watu wa mji huu wakishamaliza kugombana na foleni na wateja, wanakaa kusoma jinsi shehe anavyopambana na jini la kisimani, au mlokole anavyomwangusha bibi kizee aliyekuwa akipaa na ungo. Wema ushinde, ubaya uangamie, msomaji alale. Kanuni yangu ni moja tu: mchawi hukiri. Akishakiri kwa mdomo wake, hakuna tena mjadala, hadithi imeisha. Niliiandika kanuni hiyo mara nyingi hadi nikaiamini, mpaka Jumamosi ile mdogo wangu alipokanyaga ndimu.

Tunaishi Kariakoo, katika moja ya nyumba za zamani zilizobaki zimebanwa na maghorofa, vyumba huku na huku, ukumbi katikati. Mama yangu alizaliwa humo. Ng'ambo ya barabara lipo duka la vitambaa la familia ya Kihindi, na wao ni wa mtaa huu kama sisi tulivyo wa mtaa huu. Juu ya mlango wao huning'inia uzi mweusi wenye ndimu na pilipili mbichi, kinga ya husda. Kila Jumamosi asubuhi hutundikwa mpya, na ile ya zamani hutupwa njia panda. Nimeiona tangu utotoni na sikuwahi kuuliza. Jirani akitundika kitu mlangoni kwake, mlango ni wake.

Tatizo lilikuwa hiyo njia panda. Kwetu sisi watu wa pwani, kitu kilichofungwa uzi na kuachwa njia panda ni mtego. Hukigusi wala hukiruki. Unazunguka kwa mbali huku unasoma dua unayoijua, na ukifika nyumbani unamwambia mwenzako asipite pale.

Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Iliyotangulia ilimharibikia, na tangu aipate hii alikuwa akitembea kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa pomoni. Siku hiyo alikuwa anatoka soko la Mchikichini na mfuko wa nguo za kichanga za mitumba, anajichekea mwenyewe kwa jinsi alivyochagua vizuri. Pale njia panda kandambili ikakatika. Akaivua, akapiga hatua moja peku, na alipoinua mguu, ndimu ilikuwa imepasuka chini ya unyayo na uzi mweusi umenasa vidoleni. Wanawake wanaouza mboga pale walimwona. Mmoja akasema, tena kwa sauti, "Masikini, amekanyaga."

Kwa Kiswahili chetu, mtu akisema hivyo haulizwi amekanyaga nini.

Alifika nyumbani analia. Mama alimwosha mguu, akamlaza kitandani, akampa maji. Mimi nilicheka kidogo, ili tu naye acheke. Lakini baada ya adhuhuri tumbo likaanza kumkata, na alipokwenda uani alirudi ameshika ukuta. Damu. Si nyingi, lakini ilikuwa damu.

"Inuka twende hospitali," nilimwambia. Ipo hapo hapo, ukipanda bajaji humalizi hata mazungumzo.

Hakuinuka. Alikuwa ameuweka mguu wa kulia juu ya mito, juu kabisa, na ameshika paja kwa mikono miwili. "Nikishusha mguu," alisema, "mtoto anashuka."

"Nani kakwambia?"

Aliyemwambia alikuwa amekaa pembeni ya kitanda: shangazi yetu, dada wa marehemu baba, mwanamke ambaye hakuna harusi wala msiba wa ukoo unaoendeshwa bila yeye. "Mtego hautolewi na daktari," alisema. "Aliyetega ndiye ategue. Asikanyage chini mpaka hapo."

Nilipandwa na hasira. Nilimshika mdogo wangu kwapani nikajaribu kumwinua, liwalo na liwe, nimbebe mwenyewe. Aling'ang'ania chaga za kitanda na kupiga ukelele ambao uliwasimamisha wapita njia dirishani. Kila alivyojikaza ndivyo maumivu yalivyozidi, nikaona usoni kwake kwamba ninamuua kwa mikono yangu. Nikamwachia. Mumewe ni dereva wa malori, alikuwa njiani kwenda Tunduma na simu haipatikani. Mama alikuwa ameshafungua msahafu na hakuinua macho.

"Nenda kamwite," shangazi aliniambia.

Nilivuka barabara nikiwa na mpango. Ningemwomba kijana wa dukani aje aeleze kwamba ndimu ni ndimu tu. Ni mtu wa makamo kwa kweli, lakini mtaa mzima unamwita kijana wa dukani kwa sababu mama yake bado yupo. Nilimweleza haraka haraka. Akaacha mkasi juu ya kitambaa.

"Dada, wewe unatujua. Ile ni ya husda tu. Hatumtegi mtu."

"Najua. Njoo uwaambie."

"Watanisikiliza mimi?" Alitazama nje. Habari ilikuwa imeshanitangulia. Vijana wa machinga walikuwa wamesogea karibu na mlango wetu, na wale wanawake wa mboga nao wamekuja, wanasimulia upya. "Nikivuka hapo, nimekiri."

Nimewahi kuona mtu akiitiwa mwizi pale sokoni. Najua mtaa huu unavyogeuka, na najua haugeuki polepole.

Mama yake alikuwa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, mahali pake pa siku zote, mwembamba, sari nyeupe ya ujane, miwani imeshikizwa kwa uzi. Kiswahili chake ni cha Kariakoo kuliko changu. Nilidhani hasikii.

"Alikanyaga kwa kiatu au peku?" aliuliza.

"Peku, bibi."

"Ikapasuka?"

"Ikapasuka."

Alifumba macho. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kikwelikweli. Nilikwenda kule kutafuta mtu wa kuniambia si kitu, na huyu mama, mwenye ndimu yake, alikuwa ameingiwa na hofu kuliko shangazi. "Ilikuwa imeshiba," alisema taratibu. "Imekula macho ya watu wiki nzima. Ndiyo maana tunaitupa. Haifai mtu aikanyage."

"Mama, nyamaza," mwanawe alisema, kisha akaongea Kigujarati, haraka, kwa sauti ya kubembeleza. Yule mama alimjibu kwa Kiswahili, nadhani alitaka nami nisikie.

"Nikienda wataniita mchawi. Nimesikia. Na nisipokwenda?"

Akaomba viatu vyake. Akachukua chumvi ya mawe na pilipili kavu jikoni, akazifunga kwenye pindo la sari, na tukatoka.

Barabara yetu si pana, lakini siku hiyo nilidhani haina mwisho. Watu wakaanza kupisha njia, kila mmoja akirudi nyuma kuliko alivyohitaji. Mwanamke mmoja alimfunika mwanawe uso kwa kanga. "Kategue, bibi!" kijana alipiga kelele, na wenzake wakacheka. Mwingine akaniita mimi: "Dada mwandishi, hii unaituma lini?" Chungwa lililokamuliwa likaruka kutoka nyuma, likampiga mgongoni. Niligeuka nikatukana tusi ambalo siliandiki hapa, maana mama yangu anajua kusoma. Yule mama hakugeuka. Alinishika mkono tu, akaendelea kutembea.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Lakini mama, alipoinua uso kutoka kwenye msahafu na kumwona mtu mzima kuliko yeye, mazoea yakamtangulia. "Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Kwa kitambo kidogo ilikuwa kama siku yoyote, jirani amekuja kumjulia hali mgonjwa. Shangazi akaivunja hali hiyo. Dirisha lilikuwa wazi na vichwa vimejaa, naye alijua. "Kabla hujaingia, sema. Umetega wewe?"

Nilisubiri aeleze. Maelezo anayo na ni ya kweli: ndimu ni kinga, haikutegwa kwa mtu, njia panda ni desturi yao, kukatika kwa kandambili si kosa la mtu. Nilikuwa tayari kumsaidia, maneno ninayo kinywani. Alimtazama shangazi, kisha akatazama ule mguu juu ya mito, na shuka chini yake. Damu ilikuwa imeongezeka. Maelezo yangebishaniwa mpaka magharibi.

"Nimetega mimi," alisema. "Nimekuja kutegua."

Dirishani watu walivuta pumzi kwa pamoja. Ndilo neno ambalo wachawi wangu wote huishia nalo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulitamka kwa sababu hiyo.

Mama aliendelea kusoma Ayatul Kursiy, sasa kwa sauti. Yule mama aliikunja sari yake, akapiga magoti, akaifumbata ile chumvi na pilipili, akauzungusha mkono juu ya kichwa cha mdogo wangu, juu ya tumbo, juu ya mguu, huku ananong'ona ya kwao. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Kisha akavitupa vyote kwenye chetezo cha ubani kilichokuwa kikiwaka pembeni. Moshi ukatukaba. Shangazi akakohoa, mimi nikakohoa machozi yananitoka, mdogo wangu naye akakohoa, hata wale wa dirishani. Yule mama alitutazama tunavyokohoa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulilegea.

"Imetoka," alisema. Akaushika mguu kwa mikono miwili, akaushusha mwenyewe, polepole, mpaka unyayo ukagusa sakafu. "Kanyaga, mwanangu."

Mdogo wangu akakanyaga.

Mama alimshika upande mmoja, mimi mwingine, bajaji ikaitwa, tukafika hospitali kabla alasiri haijaadhiniwa. Walimlaza. Muuguzi alitufokea kwa kuchelewa, na alikuwa na haki. Mimba ilishika. Alikaa wodini hadi akajifungua mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Nikiulizwa ni kipi kilichomwokoa, dripu, Ayatul Kursiy au pilipili, sijui, na sitaki kugombana na mtu.

Siku chache baada ya Jumamosi ile nilikwenda dukani kushukuru. Mwanawe hakuitikia salamu yangu. Alikata kitambaa mpaka mwisho, ndipo akasema, "Unajua pilipili ikichomwa watu wakakohoa maana yake nini? Maana yake hakukuwa na kitu. Husda ikiwepo, moshi hauwashi. Mama alijua pale pale."

Nikatazama kigoda. Kilikuwa kitupu.

Maana mtaa nao ulikuwa umeshahukumu, tena kwa kanuni yangu. Kakiri mwenyewe, wote tumesikia. Kama hakutega, alitegua nini? Wateja wa miaka mingi wakawa wanapita upande wa pili. Watoto wakatumwa duka jingine hata kununua uzi. Mtu akaandika kwa mkaa kwenye mlango wa chuma neno moja lenye herufi sita, na kijana wa dukani akalifuta, na asubuhi likawepo tena. Yule mama hakushuka tena kutoka ghorofani kwao kukaa dukani. Wasomaji wangu walinisumbua niiandike, nami nilijaribu, lakini kila nikifika pale anapokiri, vidole vinagoma. Nililia kwa hasira, na nilikuwa sijui hasira yenyewe nimpelekee nani.

Mama yangu muda wote huo alikuwa akimlea binti yake, akimkanda, akimpikia uji.

Ikafika arobaini, siku ya kumtoa mtoto nje. Kwetu mtoto hatoki mpaka siku hiyo, na anayemtoa huchaguliwa, maana ndiye anayempa mtoto jua la kwanza na macho ya kwanza ya watu. Shangazi alikuwa ameshavaa doti jipya. Alinyoosha mikono. Mama akampita, mtoto kifuani, akatoka na mtoto mpaka kizingitini, akavuka barabara katikati ya Jumamosi, mchana, machinga wamejaa na wanawake wa mboga wote wapo. Mimi nilimfuata mbio. Alipofika dukani alipiga hodi kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hodi ya kusikika hadi sokoni, na hakuacha mpaka yule mama akashuka.

"Mama," alimwambia, "mchukue mjukuu wako umwoneshe jua."

Yule mama alirudi nyuma. "Watu wanatazama, mwanangu."

"Ndiyo maana nimekuja saa hizi."

Akampa. Yule mama alitoka na mtoto hadi juani, chini ya ndimu yake mpya, akavaa miwani vizuri, akamkagua usoni, akasonya. Kisha akanigeukia mimi na kuniuliza nina wanja, kwa sababu doa la kukinga husda tulilompaka kwenye paji la uso lilikuwa dogo mno kwa macho yote haya.