Siku Kijito Kiliponyamaza

Watu wa Mangobo, mtaa wetu hapa Kisangani, wakinicheka kwamba siku hizi namsikiliza sana mke wangu, mimi huwajibu: ninyi hamkwenda Lubero. Hamjui kitu. Nyamazeni.

Mimi ni Thierry, fundi wa magari, na sikatai, nina hasira za karibu. Mke wangu ni Georgette, ila tangu tumzae binti yetu namwita Mama Benie, naye ananiita Papa Benie. Ni mtoto wa Wagenia, wale wavuvi wa mto wetu mkubwa, kazaliwa pale penye maporomoko, anakausha samaki kwa moshi tangu ana miaka saba. Mwanamke huyo mfungie ndani, ziba madirisha yote, atakwambia mto umepanda au umeshuka kwa kusikia tu. Nilipomwoa nikamleta Mangobo, hakulala wiki mbili. Kisa? Eti huku kimya sana. Mangobo, kimya! Na mabaa yote yale!

Bon. Benie akaolewa na mwalimu wa Lubero, akazaa mtoto wa kwanza. Mwaka ule barabara ilikuwa imetulia kidogo. Nilikuwa na Hiace moja ya zamani niliyoifufua kwa mikono yangu. Nikang'oa viti vya nyuma, nikapigilia kitanda cha mbao, nikafunga rafu ya sufuria na mahali pa jiko la makala, makaa ya kupikia. Mama Benie akashona mapazia. Nyumba ikawa na magurudumu, tukaondoka kwenda kumwona mjukuu.

Siku tano za msitu na matope sizisimulii, kila mtu wa Kisangani anazijua. Lakini asubuhi moja huko Beni mawingu yalifunguka, Mama Benie akashuka garini na mswaki mdomoni, akabaki amesimama. Juu kabisa, juu kuliko mahali ambapo mtu anautafuta mlima, kulikuwa na weupe.

"Papa Benie, nani alimwaga bunga kule?"

"Si unga, ni barafu ile. Mlima Ruwenzori."

"Barafu? Bila frigo?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Lakini kusema kweli hata mimi nilikuwa nauona kwa mara ya kwanza. Mawingu yakafunga tena. Yeye akafanya ishara ya msalaba, akaendelea kupiga mswaki.

Karibu na Butembo tukaanza kupanda kweli, na baada ya mji tukazidi kupanda. Mama wee! Kwetu ardhi iko sawa kama meza, kitu kirefu ni miti tu. Kule watu wanalima viazi kwenye mteremko ambao mbuzi wa kwetu angeukataa. Barabara inajizungusha, unaangalia chini unaona mahali ulipopita saa nzima iliyopita, na wingu liko chini yako. Wingu, chini yako! Mama Benie alitoa mkono dirishani aliguse, akaurudisha umelowa, akawa anauangalia tu. Mvua haikukatika. Baridi ikatuingia mpaka mifupani, tukavaa nguo zote tulizobeba.

Ila Mama Benie halali. Siku tatu, macho mekundu, anasema milima imemziba masikio. Alors, siku ya nne, saa ya chakula cha mchana, tukakuta kijito kinashuka kati ya milima miwili, kinapiga kelele juu ya mawe, na kando yake kiwanja kidogo cha majani, karibu na daraja la miti. Nikaegesha pale pale, mita tano kutoka majini. Mtu yeyote wa milimani angenifukuza. Mimi nilijiona bwana mwenye akili. Tukala lituma, zile ndizi zetu za kuponda, na samaki wake. Akajilaza, kufumba na kufumbua anakoroma. Nikafurahi, jamani, nikajinyoosha na mimi.

Nikashtushwa na mkono unaovuta mguu wangu.

"Papa Benie, lamuka. Maji imenyamaza."

"Acha inyamaze. Lala."

"Mvua iko inapiga, sikia. Sasa maji iko wapi?"

Kweli mvua ilikuwa inapiga paa vilevile. Akatoka nje, akarudi amelowa chapachapa. Kijito kimebaki uzi tu, anasema, mawe yote yako wazi. Mlima umeangukia mto huko juu, umeyakamata maji, na yakishajaa yatakuja yote mara moja. Tuondoke sasa hivi.

Usingizi ulikuwa umenitoka vibaya. Magurudumu nilikuwa nimeyazuia kwa mawe, viatu vimelowa, nje baridi ya kuua. Nikamwambia maneno ambayo sikupaswa kumwambia mke wangu. Wewe ulitembea wapi? Mto unaoujua ni mmoja. Milima umeiona juzi. Dereva ni mimi, na gari haliondoki.

Siku nyingine angenijibu, tena vizuri, mdomo anao. Siku ile nikamwona anatoka, nikadhani anapanda barabarani peke yake, nikasema moyoni aende, baridi itamrudisha. Kumbe anazunguka gari, anaondoa yale mawe kwenye magurudumu, moja moja. Akamaliza, akaingia mbele, kiti cha kando ya dereva, akafunga mlango, akaweka mikono juu ya mapaja.

"Unafanya nini hapo?"

"Niko nakaa."

Mikono ilikuwa inamtetemeka. Miaka ishirini na sita nimeiona mikono ile ikigeuza samaki juu ya moto, nikaiona ikimfunga mama yake sanda, haikuwahi kutetemeka. Nikarukia usukani bila viatu.

Moteri ikakataa. Ikakataa tena. Mara ya tatu ikawaka, Hiace ikateleza, ikashika ardhi, tukapanda mpaka kona ya kwanza, tukapita ya pili. Pale nikasimama kwa sababu usukani ulikuwa unatikisika, nikadhani kuna kitu kimevunjika chini ya gari.

Ilikuwa ardhi yenyewe. Maji yalitoka kati ya ile milima miwili yakiwa meusi, yamesimama wima, marefu kama nyumba ya orofa, na ndani yake miti mizima na mawe makubwa kuliko Hiace yanagongana. Daraja likaondoka mara moja. Pale tulipokula palikuwa tayari katikati ya mto. Mtu niliyezaliwa na kukulia kwenye mto kama wetu, sikuwahi kuyaogopa maji namna ile, wala kuona kitu kikubwa vile kikipita karibu yangu.

Nikazima moteri.

"Mama Benie, ulijua kweli kama inakuja?"

"Nilijua."

"Ulijua, halafu unaingia kukaa ndani ya gari? Si ungepanda juu! Miguu unayo!"

Akanigeukia, anashangaa kabisa, kama vile nimemuuliza jina lake.

"Nikuache wewe?"

Nikalaza kichwa juu ya usukani nikalia, na honi ikalia pamoja nami, milima yote ikasikia, wala sikuona haya.